Pua Aliyoniazima Gugu

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kuoga. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na cheti changu, nimejipaka mafuta mazuri na kunyunyiza manukato shingoni ili serikali inipokee vizuri. Mkaguzi Mkuu wa kisiwa kile, kisiwa kidogo upande wa Ukerewe, alikuwa mzee mwembamba mwenye gambuti zilizomfika magotini. Nilipotia mguu mlangoni alinusa hewa mara moja tu.

"Umekuja kukagua samaki au umekuja kuolewa?"

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukagua."

"Marahaba. Basi rudi ukaoge kwa sabuni ya mche, halafu uje ukiwa hunuki kitu chochote."

Nilioga huku nalia, na nilipomaliza nikawa nimejifunza somo la kwanza la ukaguzi wa samaki: pua yako ndiyo ofisi yako. Kuanzia siku hiyo, kwa miaka ishirini na minane, sikupaka manukato, sikula kitunguu kibichi asubuhi, wala sikunywa kahawa kabla ya saa sita. Ninyi wadogo zangu mnaoingia kazi hii leo mtaniona mshamba. Sawa, nioneni mshamba, lakini nisikilizeni! Mbwa wangu Gugu amekufa wiki tatu zilizopita, na siwezi kuieleza kazi yangu bila yeye, na yeye siwezi kumweleza bila kazi. Nisipoandika nitapasuka.

Mkaguzi Mkuu alinifundisha kwa samaki, hakuwahi kunifundisha kwa karatasi. Aliniwekea sato mezani na kuniambia nianze na jicho. La samaki mbichi limetuna na linang'aa. Likizama na kuingia ukungu, jihadhari. Kisha mashavu, yale ambayo vitabu vinayaita matamvua: fungua kifuniko uone wekundu. Kisha kidole: bonyeza mgongoni, nyama irudi yenyewe. Mwisho kabisa pua. Unaingiza pua chini ya shavu na kuvuta pumzi fupi tatu, kamwe usivute moja ndefu, maana pumzi ndefu inachosha pua na samaki wa pili utamsikia nusu. Ukimaliza, unatamka moja kati ya maneno mawili.

"Anapita," alisema, "au hapiti. Usiongeze neno la tatu. La tatu ndilo watakalokushika nalo."

Na aliyekataliwa hakurudi kwa mwenyewe. Alimwagiwa chokaa na kufukiwa papo hapo, kwenye shimo la kina cha kiuno cha mtu mzima, mbele ya mvuvi aliyemleta. Papo hapo, mzee alisisitiza, kwa sababu ukimwacha alale kidogo tu, huruma inakuingia, mwenye mali anaanza kukusimulia shida zake, na jioni samaki yuko sufuriani mwa mtu.

Kutoka kisiwani nilihamishiwa Mwaloni, Kirumba. Jamani, Mwaloni! Kama hujawahi kusimama pale alfajiri mitumbwi ikishusha, wachukuzi wanapiga kelele wapishwe, mama wa dagaa anakusukuma kwa beseni na wakati huohuo anakuita mwanangu, bado hujaishi. Mkaguzi Mfawidhi wa pale alinifundisha kasi. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko kikubwa, na kila siku aliniuliza, "Perpetua, unamkagua huyo samaki au unamposa?" Nilikaa naye miaka mingi yenye raha. Watoto wangu wawili niliwasomesha kwa pua hii, na Tunu, wa kwanza, ndiye aliyenipa jina nililojulikana nalo mwaloni kote: Mama Tunu.

Kituo changu cha tatu na cha mwisho kilikuwa mwalo mdogo wa kushushia samaki upande wa Ilemela, ambao jina lake nalihifadhi kwa sababu mtakazoziona wenyewe. Hapo nilimkuta Mkuu wa Kituo. Wavuvi walimwita Mzee Kanuni. Hakuwa mzee, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka miwili, ila alitembea na kitabu cha kanuni mfukoni mwa shati, kimefungwa kwenye nailoni kisilowe, na ukimsalimia ulihisi kwanza anatafuta kifungu kinachoruhusu salamu. Sikuwahi kumwona akila samaki aliyekaguliwa na mtu mwingine. Nilimheshimu na alinichosha, yote kwa pamoja.

Sasa hapo ndipo Gugu alipofika, na alifika kwa chombo chake mwenyewe!

Mnayajua magugu maji, yale majani yanayoelea ziwani. Upepo ukivuma sana yanakatika vipande vikubwa kama viwanja na kusafiri. Asubuhi moja baada ya dhoruba, Mafuru, mvuvi wa Kijita mwenye mtumbwi wa injini, alikuta kipande cha magugu katikati ya maji, mbali na nchi kavu, na juu yake amesimama mbwa jike mwekundu, mbavu zote nje, amezungukwa na ndege weupe, yangeyange, ambao hawakumjali kabisa. Wenzake walimwambia amwache, mbwa anayetembea juu ya maji si wa kawaida. Mafuru akawajibu kwamba mbwa akitetemeka hivyo ni wa kawaida kabisa. Alimbeba kwa mikono yake hadi kwenye meza yangu ya ukaguzi na kumweka kati ya kreti mbili za sangara.

"Mama Mkaguzi, shikamoo."

"Marahaba, Mafuru. Hicho nini?"

"Kimetoka ziwani. Si mlisema kila kinachotoka ziwani kipite kwako kwanza? Haya. Anapita au hapiti?"

Mwalo mzima ulikuwa umeshaacha kazi. Nilijua wananitania, nami nikawafanyia utani hadi mwisho. Nilimfungua jicho: limezama, lakini linang'aa. Nilimfungua mdomo: fizi nyeupe. Nilimbonyeza mgongoni, hapakuwa na nyama ya kurudi. Nikainama nimnuse, na kabla sijavuta pumzi ya kwanza akanilamba pua yote, kuanzia chini hadi juu.

"Anapita!" nikasema, na watu wakapiga makofi na vigelegele utadhani timu yetu imefunga bao.

Mkuu wa Kituo alitoka ofisini kuuliza kelele za nini. Alimtazama mbwa, akatoa kitabu.

"Mnyama haruhusiwi ndani ya uzio, Mama Tunu."

"Ndiyo, Mkuu."

"Nje ya uzio kitabu hakisemi kitu."

Basi nikamweka nje ya uzio, kando ya geti, kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi. Nikamwita Gugu, kwa heshima ya chombo kilichomleta. Mchana alikaa getini akiangalia kreti zinavyotoka, na jioni alipanda nami kurudi nyumbani kwangu Kiseke. Nilikuwa mjane wa miaka mitatu, watoto wako vyuoni, na nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kunitia hasira. Gugu aliimaliza hasira ile kwa wiki moja. Alikuwa na tabia ya kunipokea mlangoni kama mtu aliyetoka Ulaya hata kama nilikwenda chooni tu! Nilimpenda, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka mmoja baadaye niliugua mafua makali. Nilikaa kitandani wiki mbili, nikapona, nikarudi kazini, nikainama kwenye shavu la sato wa kwanza na kuvuta pumzi zangu tatu. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Nikaenda jikoni kwa mama wa chai, nikafungua kopo la karafuu na kuingiza pua yote ndani. Hakuna kitu! Daktari aliniambia hisia hiyo inaweza kurudi, inaweza isirudi, na hakuna dawa ya kuiharakisha. Nilitoka hospitali nikijiuliza swali moja. Mkaguzi asiye na pua anafanya kazi gani? Nilikuwa na miaka hamsini na moja, na kitu pekee nilichokijua duniani ni samaki.

Sikumwambia mtu. Huo ndio ukweli, na ninauandika ili msiurudie. Nilijiambia macho ninayo na vidole ninavyo, na samaki mzima anajitangaza kwa njia nyingi. Kila nilipopita getini nilimwona Gugu akinusa kila kreti inayotoka, kwa utulivu, moja baada ya nyingine, na nikaanza kumwonea wivu mbwa wangu mwenyewe. Kisha nikaona jambo. Kreti nyingi alizinusa na kugeuka pembeni. Lakini mara mojamoja alifika kwenye kreti fulani, akafumba macho, akashusha bega la kushoto na kuisugua shingo yake kwenye ile kreti kwa furaha kubwa, mkia unazunguka.

Nikasema moyoni, huyu anajua kilicho kizuri.

Mfugaji yeyote wa Kisukuma anayesoma hapa ameshaanza kucheka. Cheka tu. Nyumbani kwetu kisiwani hatukufuga mbwa, na maisha yangu yote nilikuwa nimejifunza kwamba mlaji hupenda kilicho kibichi. Nikaanza kutoka na vipande vya sampuli mfukoni kama mtu anayekwenda kunywa chai, nikamwekea Gugu kwenye kifuniko cha kopo nje ya geti. Kwanza nilimlisha ugali na dagaa hadi ashibe, asije akakagua kwa njaa. Akigeuka pembeni, nilitegemea macho na vidole vyangu. Akijisugua, nilifurahi na kusema huyu ni daraja la kwanza. Miezi minne nilikwenda hivyo. Kwa rehema za Mungu wavuvi wetu walikuwa waaminifu, na samaki wachache aliowapenda nilikuwa nimeshawakataa kwa jicho kabla sijamfikishia. Nilidhani tumepishana ladha kidogo tu.

Halafu ikaja kreti ya vipande. Samaki mzima anakupa jicho na shavu. Kipande cha sangara hakina kichwa, kimekatwa, kimeoshwa, kimelazwa kwenye barafu. Kinakupa kidole kidogo na harufu basi. Kidole changu kiliniambia nyama imelegea kidogo. Nikasita. Nikatoka getini na kipande. Gugu alinusa, akafumba macho, akashusha bega, akajisugua hadi akajigalagaza miguu juu! Sikuwa nimewahi kumwona na furaha namna ile. Nikarudi ndani nikagonga muhuri kwenye kadi ya kreti.

"Anapita," nikasema.

Saa nne na nusu hivi nilishuka ufukweni kunawa mikono. Mawimbi yalikuwa yametupa kambare aliyekufa siku nyingi, amevimba, nzi wamemvaa. Gugu akanipita mbio, akamfikia kambare yule, akafumba macho, akashusha bega la kushoto.

Nilimtazama akijigalagaza juu ya ule uozo, miguu hewani, mkia unazunguka, furaha ileile hasa, nikaelewa. Mbwa hakuwa ananichagulia kizuri. Alikuwa anajipaka manukato!

Nilikimbia. Miaka hamsini na moja, gambuti miguuni, nilikimbia hadi getini nikamuuliza mlinzi kreti ya vipande imekwenda wapi. Imenunuliwa na Bi Nyanjige, akasema, mpishi wa shughuli, kuna kipaimara Kirumba, nyumba ya karibu na kanisa, na wageni wanakula saa sita. Nikamsimamisha bodaboda. Gugu akaruka katikati yangu na dereva kabla hatujakubaliana chochote.

"Mama, huyu mbwa naye abiria?"

"Huyu ndiye shahidi! Twende!"

Tulipita Pasiansi kama moto, Gugu masikio yanapepea, shingo yake iliyojaa kambare ikiwa chini ya kidevu cha dereva. Yule kijana aliendesha ameziba pua kwa bega, akimtaja Yesu. Mimi sikusikia kitu, na hicho ndicho kilichonitia uchungu zaidi.

Uwanjani kwa watu tuliwakuta chini ya turubai jeupe, spika zinapiga kwaya, watoto wamevaa nguo zao mpya, na nyuma ya nyumba Bi Nyanjige na wenzake watatu kwenye makarai. Alikuwa mama wa Kisukuma mrefu, mikono imara, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo. Vipande vilikuwa kwenye mabeseni matatu, vimekolea limao, tangawizi na kitunguu saumu. Mafuta yalikuwa yameanza kuchemka.

"Simamisheni!" nilipiga kelele. "Msikaange! Samaki hao hawapiti!"

Bi Nyanjige akanigeukia na upawa mkononi.

"Hawapiti wapi? Mayu, mama yangu, si wewe uliyepitisha? Kadi hii hapa, muhuri wako huu hapa, wino haujakauka!"

"Ni wangu. Nimekosea."

"Umekosea vipi, na wageni wako njiani? Mimi nimenusa. Wazuri."

"Umenusa limao, mama. Umenusa tangawizi."

"Basi nusa wewe! Wewe si ndiye mkaguzi? Inama unuse utuambie!"

Wanawake wote wakanitazama. Mama mwenye shughuli naye akatoka ndani, kitambaa kipya kichwani, akasimama mlangoni. Bado nilikuwa na njia ya kutokea. Ningeinama, nikaigiza pumzi tatu, nikasema wameoza, na wangeniamini kwa sababu ya gambuti zangu, na siri yangu ingebaki yangu. Nikainama kweli. Nikafikisha pua juu ya beseni. Kisha nikawaona wale watoto wa kipaimara wamejipanga kwenye benchi wanasubiri kula, na nikawaza kwamba nikiigiza leo, kesho nitaigiza tena kwenye meza yangu, na siku moja mbwa hatakuwa ameona kambare.

Nikasimama.

"Siwezi kunusa," nikasema. "Sina pua. Mafua yaliichukua, miezi minne sasa, na sijamwambia mtu. Bi Nyanjige, nakuomba osha kipande kimoja kwa maji safi, ukipasue kwenye mfupa, unuse pale mfupani. Ukisema ni kizuri, nitaondoka."

Bi Nyanjige alichukua kipande, akakiosha, akakivunja kwa mikono yake mikubwa na kukileta puani. Kichwa kikamrudi nyuma.

"Yesu na Maria," akasema taratibu, akakitupa chini.

Gugu akakidaka kwa bega la kushoto.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mama mwenye shughuli, na alicheka huku analia. Kisha Bi Nyanjige akapiga kelele moja tu, "Kuku!" na mtaa mzima ukafumuka. Nilishuhudia majirani wakirusha kuku juu ya uzio, mzee mmoja akikimbiza jogoo wake mwenyewe, wasichana wakinyonyoa kwa kasi ambayo sijaiona tena. Na mimi nilinyonyoa, nikiwa na gambuti zangu, manyoya hadi kwenye kope. Wageni walikula saa nane badala ya saa sita, na waliambiwa kwamba kuku ndio mpango wa tangu mwanzo. Vile vipande nilivichimbia mwenyewe shimo la kina cha kiuno.

Nilirudi kituoni moja kwa moja kabla maneno hayajanitangulia. Mkuu wa Kituo alinisikiliza nimesimama, nikamweleza yote, kuanzia kopo la karafuu hadi jogoo wa yule mzee. Hakufungua kitabu.

"Tangu lini?"

"Miezi minne, Mkuu."

"Na umegonga muhuri miezi minne."

"Ndiyo."

Akanyoosha mkono. Nilimpa muhuri. Ulikuwa kitu kidogo cha mbao kilichoingia mafuta ya vidole vyangu, na nilipouachia niliona kama mkono umekatika.

"Nenda nyumbani," akasema. "Kesho njoo saa kumi na mbili kama kawaida."

Nilijua kesho ni ya barua. Na barua ilikuwepo kweli, onyo kali, liko kwenye faili langu mpaka leo na nililistahili. Lakini nilipofika asubuhi ile niliikuta meza yangu ya ukaguzi nje ya geti, imesimama kwenye vumbi, imesuguliwa, ina maji na barafu, na Mkuu wa Kituo amekaa nyuma yake.

"Mnyama haruhusiwi ndani ya uzio," akasema. "Nje ya uzio kitabu hakisemi kitu. Meza nayo kitabu hakisemi ikae wapi. Jicho na kidole ni vyako, hapa hakuna anayekuzidi. Mbwa atanusa. Akijisugua, tunakataa. Asipojisugua nitanusa mimi mwenyewe, na muhuri nitaushika mimi."

"Mpaka lini, Mkuu?"

"Mpaka pua irudi au ustaafu."

Haikurudi. Na ile ilikuwa miaka minane mizuri kuliko yote ya kazi yangu, nawaapia! Kila mvuvi alilazimika kupita na kreti yake getini mbele za watu. Hakuna aliyetaka mbwa amchezee hadharani, kwa hiyo walianza kuleta barafu zaidi na kuwahi zaidi. "Gugu amecheza?" waliulizana hata kwa simu. Siku moja mgeni kutoka visiwani alitupambia kreti, yaani samaki wabichi juu, waliolala siku nyingi chini. Jicho langu likapita, kidole changu kikapita. Gugu aliipindua kreti nzima kwa bega, akawaruka wa juu wote, akaenda kujigalagaza chini kabisa. Mafuru alicheka hadi akakaa mchangani. Mkuu wa Kituo hakucheka, ila niliona akigeuza uso ziwani kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Nilistaafu mwaka juzi, na Gugu akastaafu siku hiyohiyo. Nilipewa saa ya ukutani, yeye alipewa kichwa kizima cha sangara. Mkuu wa Kituo alistaafu baada yetu. Kiseke tuliishi kwa utaratibu wetu: asubuhi kutembea hadi dukani, mchana kulala barazani, jioni kumsikiliza mtoto wa jirani akisoma kwa sauti. Miguu ya nyuma ilianza kumchoka, mdomo ukawa mweupe. Asubuhi ile nilimkuta pale pale barazani, amelala ubavu wake wa kushoto, na hakuamka kunipokea. Ndipo nikajua, kwa sababu hakuwahi kuacha kunipokea.

Nilimpigia mtu mmoja tu. Alifika na jembe lake mwenyewe, kofia kichwani, akanisalimu na kuuliza mahali. Nikamwonyesha nyuma ya tangi la maji. Alichimba bila kupumzika, akishuka shimoni mara kwa mara kujipima, hadi udongo ukamfika kiunoni sawasawa. Nilimtazama nikiwa nimempakata Gugu kwenye kanga, na ndipo nikasema jambo ambalo nilikuwa nalo kifuani miaka yote.

"Mkuu, unajua sijawahi kujua ananukaje? Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na pua, na sikuweka maanani. Sasa siwezi kukumbuka."

Aliegemeza jembe kwenye tangi. Akavua kofia, akapiga magoti, magoti yakalia. Aliinama nyuma ya sikio la Gugu, pale ambapo samaki ana shavu, akavuta pumzi fupi tatu.

"Moshi wa kuni," akasema. "Na jua, kama nguo iliyoanuliwa sasa hivi." Akashuka shingoni, upande wa kushoto, akavuta tena, na kichwa kikamrudi nyuma. "Mama Tunu, hapa kuna kitu kimeoza. Kibaya sana. Huyu juzi au jana kuna mahali alikwenda kujisugua."

Juzi! Na miguu ile! Nilicheka hadi machozi yakaniloanisha kanga, kisha yakawa machozi yenyewe.

"Anapita au hapiti, Mkuu?"

Alijifuta uso kwa mkono wenye udongo.

"Hapiti," akasema. "Hapiti hata kidogo."

Kanuni inasema aliyekataliwa afukiwe papo hapo. Tulikaa naye pale nyuma ya tangi hadi saa nane mchana, na Mzee Kanuni hakunikumbusha.